Kibao cha Kijani

Siku aliyoondoka Matar, kamba ya nguo uani haikuwa na kibanio hata kimoja. Mardhiya aliamka akakuta shuka zake zimezagaa chini, na mumewe amechuchumaa karibu na karo, anavifunga vibanio vyenyewe kwenye kamba za vibao vyake vipya viwili.

"Shuka zangu umezitupa mchangani, Matar?"

"Upepo huo, mie simo." Akacheka. "Vumilia. Nikirudi na nguru wa kukushinda kubeba, ntakununulia vibanio vya maduka ya Mlandege nzima."

Matar alikuwa akivua kwa kukokota mishipi nyuma ya boti. Ili mishipi isisokotane, aliitanua kwa vibao: kimoja kinaelea kushoto, kimoja kulia, kila kimoja na kamba yake. Kila kibao kimechongwa mshazari mbele, maji yakikipiga yanakisukuma nje, mbali na boti. Ukingo wa chini una ukanda wa risasi ili kisimame wima. Mshipi unabanwa kwenye kamba kwa kibanio, na samaki akivuta, kibanio kinaachia.

Rangi alipaka Mardhiya, juzi yake.

"Nyekundu kushoto, kijani kulia," Matar alimwambia. "Na risasi iwe chini kabla hujaamua kipi ni kipi. Ukivipindua juu chini, cha kushoto kinakuwa kama cha kulia."

"Nshasikia," alijibu Mardhiya, anakoroga rangi.

Alasiri ya siku ile Miraji, ndugu yake Mardhiya aliyekuwa akivua na Matar, alirudi peke yake. Boti yao ilivutwa na wavuvi wengine mpaka bandarini Malindi, hapa mjini. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka alipoitwa mara mbili.

"Jodari walikuwa wanaruka, dada. Shemeji alikamata usukani, akanambia mie nitupe vibao. Nkatupa, nyekundu kushoto, kijani kulia. Badala ya kwenda nje vikaja ndani, vikapishana nyuma yetu, mishipi yote ikaingia kwenye panga la mashine. Mashine ikazima. Shemeji akashuka majini na kisu kuikata mishipi. Mara ya kwanza alitoka akavuta pumzi. Mara ya pili hakutoka."

Walitafuta siku tano. Hawakumpata.

Kwenye khitma ya kumwombea marehemu, Bi Mwamvua, mama yake Matar, alikaa katikati ya wanawake akasema bila ya kupunguza sauti, "Mtoto wa watu kaulizwa kulia na kushoto, hajui. Sasa huyo anakula kwa mkono gani?"

Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mardhiya alikuwa chumbani ndani ya eda, pazia limeshushwa, na kila neno lilimfikia. Naye wakati ule aliamini kwamba nduguye alichanganya.

Tangu siku ile hakuna aliyekubali kwenda baharini na Miraji. Boti ilikaa Malindi juu ya magogo, na mbele ya nyumba ya Bi Mwamvua Miraji alikuwa akipita upande wa pili wa njia.

Siku ya arubaini na tatu ya eda Miraji alikuja na kitu ndani ya mfuko wa saruji.

"Kuna mtu wa Fumba kakiokota. Nimeona nikuletee wewe, kuliko kukitupa."

Kilikuwa kibao cha kijani. Miraji alipokwenda zake Mardhiya alikilaza mapajani, akapitisha kidole juu ya rangi. Alipofika pembeni kidole kilisita. Rangi ilikuwa imechuruzika ikakauka kwa matone, naye aliyajua matone yale, kwa kuwa siku zote alikuwa akipaka rangi nyingi mno. Lakini yalishuka kuelekea ukingo usio na risasi.

Hapo akakumbuka. Siku ile risasi ilikuwa imepakwa lami, lami bado mbichi, na yeye hakutaka ichafue sakafu. Akaviegemeza vibao ukutani risasi ikiwa juu. Ndivyo alivyoviangalia, na ndivyo alivyovipaka.

Alikisukuma kibao mvunguni mwa kitanda. Labda rangi ilichuruzika alipokigeuza baadaye. Labda. Alikuwa na karibu miezi mitatu ya eda mbele yake, hawezi kutoka kwenda kukijaribu, na kila alipokaa kitandani kula au kuvuta tasbihi alijua kipo chini yake. Miraji alipokuja kumjulia hali alimpokea kwa chai, akashindwa kumtazama machoni.

"Dada, unaumwa?"

"Joto tu."

Asubuhi baada ya eda kwisha aliswali, akavaa baibui, akakifunga kibao kwenye khanga, akaenda pwani ya Kizingo maji yakiwa yamejaa. Akakiweka majini risasi ikiwa chini, akashika kamba, akatembea ukingoni mwa maji, bahari ikiwa kuliani kwake. Cha kulia kingepaswa kukimbilia nje, baharini.

Kilimjia miguuni.

Akarudia. Kikamgonga kifundo cha mguu. Mara ya tatu hivyo hivyo. Kisha akageuka, bahari ikawa kushotoni, akapiga hatua nne tu. Kibao kikajitupa nje kwa nguvu, kamba ikanyooka ikamkata kiganja, kikawa kinavuta kama kilichoshikwa na mtu huko ndani.

Alikwenda kwa Bi Mwamvua hivyo hivyo, pindo la baibui linachuruzika. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji hayo yanatoka wapi?"

Mardhiya alikiweka kibao sakafuni. "Miraji hakukosea. Alitupa kama alivyoambiwa. Rangi nlikosea mie. Nlivipaka vimepinduliwa, na Matar alinambia."

Bi Mwamvua aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe moja, akaliweka ukingoni mwa sinia. Akatoa jengine.

"Nduguyo yupo wapi?" aliuliza mwishowe.

"Yupo Malindi."

"Mwambie aje ale."

Akalivuta sinia lake, akampa Mardhiya mgongo.

Siku hizi boti imerudi baharini, na Miraji anakula chakula cha mchana kwa Bi Mwamvua. Vibao vipya amevichonga na kuvipaka mwenyewe. Mardhiya anakaa mtaa wa Mpendae kwa shangazi yake. Kwa Bi Mwamvua hajaitwa.