Chemchemi ya Ukurasa wa Nne

Jumatatu ile Kawira aliingia katika ofisi yao ya utalii, mtaa wa Al Thumama, na simu mbili mkononi, yake na ya ofisi, na hakuweka hata moja chini. Angeiwekaje? Wateja wake wa kwanza walikuwa Ufaransa! Wake yeye, aliowatafuta mwenyewe: wauguzi tisa wa Kenya wanaofanya kazi hapa Doha, ambao kila Jumamosi alfajiri huendesha baiskeli kabla jua halijawa kali. Sasa walikuwa juu ya baiskeli za kukodi kwenye vilima vya bonde la Dordogne, wakifuata ratiba aliyoiandika Kawira, kurasa kumi na moja pamoja na ramani.

Na Ufaransa kwenyewe Kawira hajawahi kukanyaga. Kifaransa alisoma chuoni Nairobi, kwenye kozi ya utalii. Hayo mengine aliyapata kwenye kompyuta: alipita kila barabara kwa kidole, kona kwa kona, mpaka akawa anajua kona ipi ina mbwa. Alijua kanisa lipi lina mnara uliopinda, na soko lipi lina paa la mbao lililobebwa na nguzo za miaka mia tano. Alijua wapi bata bukini wanavuka barabara. Wenzake anaokaa nao mtaa wa Muaither walikuwa wameshachoka kusikia habari za bata bukini.

Lakini chini ya furaha yote hiyo kulikuwa na Alhamisi. Alhamisi miezi yake sita ya majaribio ilikuwa inaisha. Bi Latifa, meneja wa ofisi, Mzanzibari aliyekaa Doha miaka ishirini na mbili, alikuwa amemwambia wazi.

"Safari hii ikenda sawa, n'nasaini. Isipokwenda sawa, mwanangu, tutaagana kwa wema."

Kuagana kwa wema maana yake tiketi ya kurudi Meru.

Siku mbili za mwanzo mambo yalienda vizuri, isipokuwa kilio cha vilima. Doha hakuna mlima. Hao kina dada walikuwa wamefanya mazoezi ya kupanda kwa kuzunguka juu ya daraja la barabara kuu mara ishirini ishirini, na siku nyingine kwa kupigana na upepo wa jangwani. Kupanda walijitahidi. Kushuka ndiko kulikowatoa machozi, maana hakuna aliyekuwa amewahi kushuka kitu kirefu kuliko daraja. Rodney, fundi wa baiskeli aliyetumwa na ofisi aende nao, alisema vidole vya kina dada vimeganda kwenye breki na brake pads zimeanza kuisha.

Jumatatu hiyo, saa saba na dakika chache mchana, simu ya Kawira ikalia; alikuwa Rodney. Kule Ufaransa ilikuwa imepita saa sita kidogo.

"Kawi! Cheki picha nimekutumia. Hii place ni noma, manze!"

Kawira akafungua picha na kupiga kelele mpaka mhudumu wa duka la jirani akachungulia. Kilikuwa kijiji chake cha ukurasa wa nne, Sainte-Orlène. Nyumba za mawe ya manjano, paa zake za mawe pia. Mnara wa zamani wa kufugia njiwa. Na katikati ya uwanja, ile chemchemi aliyoipenda kuliko vitu vyote: kichwa cha simba cha jiwe, maji yanamtoka mdomoni, vyungu vya maua mekundu vimemzunguka. Kina dada wamepanga foleni na chupa zao. Tiffany, mdogo wao wote, ameweka mdomo kabisa kwenye mdomo wa simba.

"Wanajaza maji?" Kawira akauliza.

"Wanajaza, wanaoga, wanapiga selfi. Hapa kuna jua mbaya, nyuzi thelathini na nne, na tulikuwa tumeishiwa kabisa. Duka la mikate limefungwa, vile ulisema."

Hilo la duka alilijua. Duka la kijiji kile hufungwa Jumatatu. Gari la mizigo nalo hutangulia hotelini kwa njia nyingine, na kijiji kinachofuata kiko kilomita kumi na nane, zote kupanda. Ndiyo maana ukurasa wa nne ulisema, kwa herufi nzito: *Jazeni chupa zote kwenye chemchemi ya simba.*

Akaikuza picha ya mwisho amwone simba vizuri. Akaikuza tena. Nyuma ya chungu cha maua palikuwa na kibao cheupe, kidogo kama bahasha. Herufi zilikuwa zimefifia lakini zilisomeka. Kifaransa cha mwaka wa kwanza kabisa. Maji haya hayanyweki.

"Rodney."

"Niko."

"Waambie wamwage."

"Wamwage nini?"

"Maji! Yote! Sogeza hicho chungu cha maua usome kibao... basi huwezi kusoma, we waambie tu wamwage! Nani ameshakunywa?"

Akasikia Rodney akipaza sauti, kisha kelele za wanawake tisa kwa pamoja, kisha maji yakimwagika kwenye mawe. Rodney akarudi, sauti chini.

"Tiffany na Chelsea. Wengine walikuwa bado wanajipiga picha."

Kawira akakaa. Jinsi alivyokosea aliijua palepale, wala hakuhitaji kufikiri. Doha maji ya bure yako ukutani. Mtu akijenga nyumba, au msikiti ukijengwa, nje huwekwa friji ya maji yenye bomba, maji ya sabili, mpita njia anywe na mwenyewe apate thawabu. Waendesha baiskeli wa Doha wanazijua zote. Ndizo vituo vyao. Kawira alipoona maji yanatiririka katikati ya kijiji, hata hakujiuliza. Nani aweke maji hadharani kisha yasiwe ya kunywa?

"Kawi, sikia," Rodney akanong'ona. "Mimi nitasema maua yalificha kibao. Na ni ukweli, yalikificha. Si lazima mtu ajue iliandikwa kwa ratiba. Hata Sista Milka, leader wao, hajafungua hiyo page, ananifuata tu mimi."

Kawira akatazama kalenda. Alhamisi ilikuwa siku tatu tu mbele.

"Usiseme chochote," akamjibu. "Nakupigia."

Akainuka, akagonga mlango wa ndani. Bi Latifa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusali, anakunja msala.

"Bi Latifa, nimeharibu. Nimewaandikia wateja wajaze maji kwenye chemchemi, na maji yenyewe si ya kunywa. Wawili wamekunywa. Wamebaki juani bila tone."

Bi Latifa akauweka msala juu ya kiti. "Uliuliza mtu?"

"Sikuuliza. Nilidhani ni kama sabili."

"Sabili! Ufaransa!" Bi Latifa akamkazia macho. "Ala! Na mimi n'liisoma ratiba, n'kapita hapo hapo, n'kaona sawa." Akavuta pumzi. "Haya, usinisimamie hapo kama mlingoti. Watu wana kiu. Watafutie maji."

Kabla hajatoka mlangoni simu ikalia. Safari hii hakuwa Rodney. Alikuwa Sista Milka mwenyewe, kiongozi wa msafara, ambaye hospitalini kwao kazi yake ni kuzuia maambukizi na anaogopwa hata na madaktari.

"Wewe msichana, niko hapa ukurasa wa nne. 'Jazeni chupa zote.' Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, Sista. Nimekosea. Niko natafuta maji mengine sasa hivi."

"Tafuta haraka. Na ukipata, mimi nitataka kujua yametoka wapi."

Kawira akamwomba Rodney apige picha ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Ofisi yenyewe ilikuwa imefungwa, hufunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, lakini pembeni palikuwa na namba ya meya kwa dharura. Akaipiga kwa simu ya ofisi. Ikaita mara saba. Akapokea mama mtu mzima, mdomo una chakula.

Kifaransa cha Kawira kilitoka mbio mbio, nusu yake kibovu, lakini kilifika. Meya akacheka kwanza, kisha akajibu taratibu kama anamfundisha mtoto. Chemchemi ya simba? Hapana, hapana, hiyo ni ya kale, maji yake hakuna anayeyapima. Waendesha baiskeli wote huenda kwenye makaburi, nyuma ya kanisa. Karibu na geti kuna bomba la kumwagilia maua. Maji yake ni haya haya anayopikia supu yake.

Kawira akaziba simu moja kwa kiganja, akaongea kwenye nyingine.

"Sista, maji yapo. Nyuma ya kanisa, mita mia moja. Kuna bomba."

"Bomba la nini?"

"La... la makaburini."

Kisha Kawira akasikia mtu akisema "Yesu!" na mwingine akiangua kicheko.

"Kawira," Sista Milka akasema polepole, "mimi ni mtu wa infection control. Kwanza umetunywesha simba. Sasa unataka ninywe maiti?"

"Meya anasema ni maji ya kijiji kizima, Sista! Anapikia supu!"

"Sijui supu yake. Muulize: bomba limetoka kwa mtandao wa maji ama kwa kisima? Yanatiwa klorini? Nani hupima, na alipima lini?"

Bi Latifa alikuwa ameshatoka chumbani, anasikiliza. "Mwambie makaburini hapakosi bomba," akasema, "hata kwetu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini mwenyewe nisingeyanywa."

"Bi Latifa, tafadhali!"

Kawira akauliza swali moja moja, simu hii sikio la kulia, ile la kushoto. Mtandao wa maji, ndiyo. Klorini, ndiyo, nyingi mno kwa ladha ya meya. Vipimo? Meya akasema kama wameshafika kwenye ubao wa matangazo, karatasi ya vipimo iko palepale, kwa sheria, chini ya tangazo la bingo.

"Rodney, angalia chini ya tangazo la bingo!"

"Kuna karatasi, lakini ni Kifaransa yote."

"Mpe Sista."

Sista Milka aliichukua simu, akaenda ubaoni. Kawira akamsikia akipumua, akisoma kwa kunong'ona. Kifaransa hajui hata neno. Lakini majina ya bakteria yanaandikwa vilevile hata Ufaransa, na sifuri ni sifuri.

"Escherichia coli, sifuri kwa mililita mia," akasoma. "Enterococci, sifuri. Klorini, sawa. Tarehe, wiki mbili zilizopita." Akawageukia wenzake. "Haya ni maji safi kuliko ya hosteli yetu. Twendeni makaburini, mabibi. Na mtu asikanyage kaburi la mtu."

Wakanywa. Rodney alituma picha: wanawake tisa mbele ya geti la chuma, wamevua helmeti kwa heshima, chupa zimejaa.

Kawira akaanza kuruka, Bi Latifa akamkalisha kwa jicho.

"Bado," akasema. "Wawili washakunywa yale mengine. Sista amesema siku tatu ndipo ijulikane. Siku tatu ni Alhamisi. N'tasubiri matumbo."

Basi kazi ya Kawira kwa siku tatu ikawa matumbo ya watu. Asubuhi anauliza, mchana anauliza, usiku kabla ya kulala anauliza. Tiffany akamwandikia: "Aki Kawi, hata mama yangu hajawahi kuniuliza hivi." Jumanne walipita ngome juu ya jabali, Kawira hakuuliza habari za ngome. Jumatano wakapita pango lenye michoro ya kale, naye akauliza Chelsea ameenda chooni mara ngapi.

Jumatano jioni Rodney akapiga. "Tiffany amejishika tumbo."

Kawira alikuwa anakula. Hakuendelea.

"Sista anamwangalia," Rodney akasema. "Amelala kwa sofa ya hoteli." Dakika ishirini zikapita. Kisha Sista Milka akatuma ujumbe wa sauti, mkavu kama kawaida yake: "Mgonjwa amekula viazi vya mafuta ya bata sahani mbili, na jibini ya mbuzi, na ya ng'ombe, na ingine sijui ya nani. Ni gesi. Nimempa chai ya tangawizi. Joto kawaida. Lala."

Alhamisi saa nne asubuhi ukaja wa mwisho: "Matumbo tisa yako sawa. Magoti kumi na nane yameisha. Na barua ya kueleza kosa lako, nataka kila mtu apate yake, si moja ya kupokezana."

Barua Kawira alikuwa ameshaandika tisa tangu Jumanne. Akazipeleka kwa Bi Latifa pamoja na ujumbe. Bi Latifa akavaa miwani, akasoma zote tisa, ingawa zilikuwa sawa isipokuwa jina. Halafu akafungua droo, akatoa karatasi ya ajira, akaisaini. Hongera hakusema.

Kawira alipiga ukelele uliovuka ukuta. Mhudumu wa duka la jirani safari hii hata hakuchungulia.

"Umemaliza?" Bi Latifa akauliza. "Ratiba ina vijiji vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Kundi jengine linaondoka mwezi ujao. Piga simu vyote kumi na vinne, uulize maji yao."

"Leo?"

"Kwani kesho si Ijumaa, tumefunga?"

Kawira akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza. Kijiji cha kwanza kilikuwa na namba moja tu, ya mtu anayetunza kanisa. Akapiga, ikaita, na alipopokelewa akaanza kwa kusema jina lake, jina la ofisi, na kwamba anapiga kutoka Doha kuulizia bomba.