Mahali Mama Alipopita na Sindano

Mama alikuwa akiziba matundu ya nguo bila kiraka. Unachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo yenyewe, kisha unazifuma upya juu ya tundu, moja juu moja chini, mpaka mwenye nguo asahau ilipochanika. "Ustadi si kushona vizuri tu," alikuwa akinisuta. "Hata gunia hushonwa vizuri. Ustadi ni kushona halafu wewe usionekane."

Tangu tumzike, Baba habanduki kwenye chumba cha kushonea nilichorithi. Hukaa na koti lake la kijivu magotini, akilipapasa mikono. Zamani lilinaswa na msumari wa mlango, Mama akaliziba.

"Wakati ule hata sikutazama," aliniambia. "Sasa nataka kugusa alipogusa yeye. Nionyeshe, mwanangu."

Nilitafuta kwa miwani, kwa taa, kwa ncha ya kidole. Pindoni nyuzi zilikuwa zimepungua, kwa hiyo alipita. Alipita wapi, koti halikusema. Nikaanza kuliogopa. Likitundikwa nyuma yangu, nilihisi kuna mtu anakagua kazi yangu.

Baba alifundisha lugha maisha yake yote, na akishika neno haliachi mpaka litoe jasho.

"Unajua hilo neno la mama yako, ustadi, lilikuwa mtu?" akaniuliza.

"Mtu gani tena, Baba?"

"Ustad. Waajemi walimwita hivyo bwana wa kazi, anayefundisha wenzake. Likapita kwa Waarabu likawa ustadhi, likatufikia. Leo ukisema ustadi, nani anauliza mwenyewe yuko wapi?" Akalikumbatia koti. "Mimi nauliza."

Huruma ikanishinda. Alipojilaza mchana, nilichomoa nyuzi chache nikafuma kipande kidogo chini ya kiwiko cha kushoto, kwa uzembe wa makusudi. Alipoamka nikashika kidole chake nikakiweka pale.

"Hapa, Baba."

Alipapasa, akarudia. Uso ulianza kufunguka, kisha ukajifunga.

"Kazi nzuri, mwanangu. Ila ni yako. Yake nisingeihisi."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ifumue," akasema, bila hasira, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikakata uzi wangu, nikauvuta. Ukaja na mwingine. Huo nao ukaja na wa tatu, laini, nisioujua, na kitambaa kikaachama mbele ya macho yetu. Lilikuwa tundu la msumari. Katika koti zima, nilikuwa nimeshona palepale juu ya mkono wa Mama, na sasa nimeukata.

Nililia kama mtoto. Nikatia uzi kwenye sindano, nizibe kabla Baba hajaelewa. Lakini alikwisha kuelewa. Akanishika kifundo cha mkono, akaingiza kidole chake tunduni taratibu, akafumba macho.

"Acha kwanza," akanong'ona. "Nyumba nzima hii, ni hapa tu alipo."