Hongera kwa Uvimbe

Kazi yangu ni kuifundisha saratani ukaidi. Nikitakiwa kujieleza kwa heshima, nasema nachunguza usugu wa seli za saratani dhidi ya dawa. Ukweli ni kwamba nazilea. Naziweka kwenye chupa bapa za plastiki, nazilisha maji mekundu yenye sukari, kisha nazitilia dawa kidogo. Nyingi hufa. Zinazobaki nazibembeleza, na zikinawiri naziongezea dawa, mpaka napata seli ambazo hata uzimwagie kiasi gani hazishtuki. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Wangepita maabara kwangu wangekuta lisilosikia dawa ndilo linalonenepa.

Nyumbani wananiita Daktari. Mama ndiye aliyewatangazia majirani, nao huniletea vikohozi vyao, kisha huondoka wakishangaa daktari gani huyu asiye hata na kidonge cha kichwa. Kaka yangu tu, seremala, ndiye hakudanganyika. Yeye ananiita Mama Chupa.

Kaka alipougua saratani ya utumbo, alianzishiwa dawa ileile ninayoihangaikia maabara. Hapo nikawa sivumiliki. Nilihutubia mezani, nilihutubia mlangoni, hata wifi, mkewe, akawa kila nikikaa anakumbuka nguo za kuanua. Dawa ilimtia kaka ganzi vidoleni asiweze kushika msumari, naye alivumilia kwa sababu mimi nilimwambia avumilie.

Siku ya majibu ya picha tuliingia watatu kwa daktari, daktari wa kweli. Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Uvimbe, uliokuwa umenywea, ulikuwa umeinuka tena, naye angali kwenye dawa ileile. Sasa, mimi nilikuwa nimebishana na wenzangu mwaka mzima kwamba uvimbe wa namna hii hunywea kwanza ndipo uinuke. Nikauona umeinuka kama nilivyosema.

"Safi sana!" nikasema, na meza nikaipiga kofi.

Wifi alinitazama, nikatamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na shahada zangu.

"Hongera, Mama Chupa," kaka akasema taratibu. "Umeshinda."

Daktari akakohoa, akaeleza kwamba ipo dawa ya pili, ila inasumbua sana tumbo. Kaka akainuka. Alisema imetosha, anarudi kwenye mbao zake. Kwa vidole vile, sijui angezifanyia nini.

Nilirudi kazini nikiwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Nikazitoa seli zangu sugu kuliko zote, zile ninazowaonyesha wageni, nikazimwagia hiyo dawa ya pili. Tangu nianze kazi hii nilikuwa sijawahi kuzitakia kifo. Siku ile nilizitakia kwa moyo wote, nikazifungia kwenye kabati la joto, nikamweleza wifi kwa simu, kisha nikaenda karakana kwa kaka.

Nilimkuta anapapasa ubao kwa kiganja, maana vidole havikumwambia kitu.

"Kaka, nisamehe. Huu mdomo wangu..."

"Mdomo wako naujua tangu hauna meno. Niambie tu, hiyo dawa ya pili itaniponya?"

"Unajua, kwenye ngozi ya seli kuna kama pampu, sasa hiyo pampu..."

"Mama Chupa!"

"Kukuponya, hapana. Kuna watu inawaongezea muda. Wengine haiwasaidii kitu."

Alipapasa ubao tena. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. "Basi nitajaribu. Ila uje ukae na mimi, na nisisikie neno seli."

Nikaenda naye hospitali. Muuguzi alitafuta mshipa, akaupata, dripu ikaanza kudondoka. Mimi nikazungumzia mvua. Nikasifia viatu vya muuguzi. Nikasifia pazia. Maneno yakaniishia, na kunyamaza kukanitoa jasho kama mtu aliyebeba gunia.

Kaka alikuwa anatazama matone. "Haya, sema," akaniambia.

"Niseme nini? Si umenikataza?"

"Wifi yako ameniambia umezimwagia seli zako dawa hii hii. Zimekufa?"

Jibu lilikuwa tayari tangu jana yake. Mimi, ambaye kila asubuhi nafungua lile kabati hata kabla sijavua mkoba begani, asubuhi hiyo nilikuwa nimelifikia, nikashika mpini, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Sijaangalia," nikasema.

"Wewe?"

"Naogopa, kaka."

Nilingoja anicheke, maana haki hiyo alikuwa nayo. Hakucheka. Aliuvuta pembeni mkono wenye sindano, akaniachia nafasi kidogo kitandani.

"Hata mimi," akasema. "Njoo tuogopee hapa."