Mwandiko wa Mama

Kila herufi kwenye bahasha aliyoishika karani wa posta ilisimama peke yake, imenyooka, kana kwamba imeogeshwa na kuvalishwa kwa ajili ya safari. Herufi m zilikanyaga chini kwa miguu yote mitatu. Herufi a zilikuwa na vitambi. Neno la mwisho lilikosa nafasi, likapinda ukingoni na kuteremka chini: "Fundi bomba, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya shule."

"Haina namba ya sanduku," mwenzake alisema. "Itupe kwenye kapu la zisizofika."

Kwa miaka ishirini karani huyu alikuwa amepanga barua, jicho lake likikimbilia namba tu. Leo jicho liligoma. Aliyeandika haya alitoka jasho. Kumtupa kapuni ni sawa na kumfungia mgeni mlango usoni. Saa ya chakula ilipofika, alitia bahasha mkobani, akatoka.

Mlango wa kijani ulifunguliwa na mwanamume mwenye spana kwapani. Aliipokea barua, akaifungua palepale, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Mwanangu, hii nimeandika mwenyewe."

"Mama hakuwahi kukanyaga darasa," alimwambia karani. "Barua zake zote aliandikiwa na jirani. Mke wangu, njoo uone!"

Mkewe alikuja na mikono yenye povu, akachungulia begani. "Mbona hizi k zinarusha mateke?"

"Si ndiye mama mwenyewe! Hata akinyamaza ana ugomvi na mtu." Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyeuliza kama yote yalikuwa ya kicheko. "Ngoja nimpigie simu sasa hivi."

"Mpigie," karani alisema. "Lakini simu haisomeki, na yeye sasa anajua kusoma."

Fundi akajikuna kichwa. "Mwandiko wangu ni kuku kaparura."

"Huo huo ndio atakaoutaka."

Akaketi mezani, kalamu kaishika kama bisibisi. Alipoandika "Mama", alikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Karani, ambaye saa yake ya chakula ilikuwa imekwisha, hakuondoka. Alimkumbuka binti yake anayesoma mbali. Kila jioni humtumia kwenye simu neno lilelile: "Umekula?" Mwandiko wake yeye, mama yake, binti huyo ameuona kwenye fomu za shule tu.

"Dada," alimwambia mke wa fundi, "naomba na mimi karatasi."

Mke wa fundi akachana mbili. "Ya kwanza huwa inaharibika," alisema, akamvutia kiti.