Ua la Baba Lililobaki Koponi

Ua lenyewe lilikuwa bado limefumba, limejikaza kama ngumi ya mtoto mchanga. Anjelina alikuwa amelitia kwenye kopo tupu la maziwa, pamoja na vijiti vya miyombo vyenye majani machanga mekundu. Aliyelichuma ni binti yake, Josephina, Jumamosi ya mwisho ya uzima wake. Jumatano homa ikamchukua.

Kila Jumamosi mama na mtoto waliingia porini, nje kidogo ya kijiji chao cha Chilangala, Newala, kutafuta maua ya kupamba altare. Kazi hiyo Anjelina alijifunza alikokulia, Masasi, kwa Bibi Ethel wa misheni: matawi marefu yakae nyuma na mafupi mbele, majani yatakayozama majini yanyofolewe yasije yakaoza, shina gumu lipondwe ncha kwa jiwe, na laini likatwe kwa mshazari, ili lipate kunywa. Josephina yeye alikuwa na ua lake moja tu, lile jekundu linalochomoza ardhini kabla ya mvua bila hata jani, na likifunguka huwa duara, kama kichwa chenye nywele zilizosimama. Jumamosi ile hakutaka liende kanisani.

"Hili la baba," alisema. "Akija kutoka mkonge atalikuta limefunguka."

Stefano, baba yake, alikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi tangu mtoto hajang'oka meno ya utoto. Habari za msiba alipelekewa na utingo wa lori la korosho. Walizika bila yeye, joto halikusubiri. Basi Anjelina, pale alipokaa kwenye mkeka wa msiba, hakuwa na jambo jingine la kumwomba Mungu ila moja: ua lifunguke, na Stefano alikute.

Lakini ua linataka maji, na kule juu Newala maji ni safari. Wanawake huteremka bondeni kungali giza, wakapanda mlima na mitungi kichwani jua likiwa limeshawaka. Mwezi ule chemchemi yenyewe ilikuwa ikidondoka kama pua ya mwenye mafua. Na mfiwa haendi kuteka, anakaa, analetewa. Basi kila alipoletewa maji ya kunywa, Anjelina alilowesha midomo tu, kisha akageuza mgongo na kuyamimina koponi.

Mama mkwe wake, Bimdogo, alimwona. Bimdogo alikuwa Mwislamu. Mwanawe ndiye aliyebatizwa shuleni. Alikuwa na birika lake la kutawadhia, ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Unanywesha majani, mkamwana? Tazama midomo ilivyokupasuka."

"Nimekunywa, mama."

"Umekunywa nini? Mate?"

Zamani maneno hayo yangeleta kicheko. Bimdogo alipenda kuwatania: kwenu Masasi maji yanawafuata mlangoni, ndiyo maana mnaogesha majani. Naye Josephina alikuwa akimrukia mgongoni, "Bibi, yana kiu!" Sasa kila mmoja wao aliisikia sauti ile ile ya mtoto.

Siku iliyofuata wakaja wageni kutoka Tandahimba. Chakula kimeiva, maji ya kunawa hakuna. Julia, jirani aliyeshika jiko tangu siku ya mazishi bila kupumzika, akatupa macho huku na huku, akaona kopo lina maji na vijiti ndani. Nani kule angeacha maji yakae bure? Akavichomoa vijiti akavitupa nyuma ya nyumba, akawanawisha wageni. Wakanawa, wakala, wakamshukuru.

Anjelina alipogeuka akaliona kopo limepinduliwa juu chini.

"Julia... yale yaliyokuwemo humu?"

"Ya mule? Nimenawishia wageni, Mama Josephina. Kwani yalikuwa dawa?"

Atamwambia nini mtu aliyempandishia maji mlimani siku zote zile? Anjelina akajifunika kanga usoni, akalia. Hata siku ya kaburi hakulia vile.

Bimdogo ndiye aliyeinuka. Alizunguka nyuma ya nyumba akiinama na kupapasa kwenye maganda ya mihogo, akarudi na ua lile, limelegea shingo. Akachukua kisu, akalikata ncha kwa mshazari, polepole, kama alivyokuwa akimwona mjukuu wake akifanya. Kisha akaleta birika, akalimimina lote koponi.

"Mama, na swala yako ya alasiri?"

"Mimi nimeruhusiwa udongo," alisema Bimdogo. "Hili halikuruhusiwa." Akatoka, akapiga viganja kwenye ardhi safi, akatayamamu badala ya kutawadha, akasali.

Stefano alifika kesho yake adhuhuri, amejaa vumbi hadi kope. Akamwamkia mama yake, akaitikiwa, kisha akakaa ukingoni mwa mkeka asijue mikono aiweke wapi. Anjelina akamsogezea kopo. Ua lilikuwa limefunguka upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umesinyaa na kupiga weusi.

"Lako hili. Alikuchumia mwanao. Alisema utalikuta limefunguka."

Stefano akalipakata kopo mapajani kwa mikono miwili. Alikaa nalo hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu:

"Alikuwa amefika wapi? Kwa urefu?"

Anjelina akanyoosha mkono, kiganja kimesimama kama anavyopimwa binadamu, si kulala kama kwa mnyama, akauweka hewani kando ya mumewe. Akautazama. Kisha akaupandisha kidogo, maana tangu mavuno mtoto alikuwa amerefuka.