Kaburi la Popo

Kasika alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, siku ya soko la Musienene, mwaka wa pili wa vita ya pili ya nchi yao, mumewe Lusenge aliporudi kutoka shimoni. Akaweka popo aliyekufa juu ya ungo, akatema jino, akaomba maji.

Halikuwa jino la kwanza. Mawe ya shimo lile yalikuwa mazito kupita ukubwa wake, na walioyachimba meno yaliwatoka moja moja. Popo waliolala kwenye dari ya pango walikuwa wakidondoka pia. Kabla ya vita Mzungu mmoja alifika akasema popo hao, wenye pua kama jani, hawako kwingine duniani, akaomba wasiguswe. Vita ikaja, Mzungu akapanda ndege, mawe yakapata mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa mtu mpole. Aliwaonyesha wachimbaji picha ya kinu cha nyuklia huko Ulaya, mawe yao yanakokwenda kuwasha umeme. Pembeni ya kinu, juu ya miti, kulikuwa na vijumba vya mbao. Vya popo. Mtu akiwasumbua popo wale anafungwa.

"Na ba huku?" Kasika akauliza.

"Ba huku bako ba kufa tu," Lusenge akajibu. "Sawa siye bachimbaji."

Hasira zikampanda Kasika. Angemwambia mumewe aache kazi, lakini kuacha kazi ya wanajeshi waliotawala shimo kulikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ni risasi. Basi akamwosha popo kwa maji ya moto, akamfunga kwa kitenge kipya, akamlaza kitandani. Akavua kilemba, akatoka uani, akapiga yowe la msiba.

Majirani wakaja na kuni, kama inavyopasa. Tamar, wa nyumba ya pili, akatua mzigo wake.

"Nani amekufa?"

"Popo."

"Pole, mama," Tamar akasema, akachochea moto.

Sasa, kule maiti ikiwa bado ndani, hakuna anayelima. Asubuhi majembe yote ya Musienene yalikuwa mazito, na ya shimoni vilevile. Wanaume wanne walishika mpini mmoja, ukakataa. Hakuna aliyeshangaa, nani alime na watu wako kilioni? Lusenge akabaki nyumbani, akalala, akanywa uji, rangi ikaanza kumrudia. Popo hakuoza. Alikuwa na adabu kuliko maiti wengi. Kasika alikaa kando yake siku baada ya siku, akafurahi, wala hakuona haya kufurahi matangani.

Ndipo akafika Afande Phinées, mkubwa wa shimo. Alivua kofia, akaketi mkekani, akatoa sukari na mbuzi. Alikuwa amelelewa vizuri, huwezi kumsingizia.

"Pole sana, Mama Kasika. Tutamuzika siku gani?"

"Sitamuzika."

"Ni haki yako." Akanywa chai hadi ikaisha. "Mais, mama, jembe ya kuchimba kaburi, nayo inakatala?"

Tamar, Mungu amsamehe, hakujua kusema uongo matangani.

"Ya kaburi hapana, afande. Ile inanyanyukaka siku zote."

"Donc, tumuchimbie kaburi. Tutachimba kule kwao, mu shimo, fasi alizaliwa."

Kesho yake majembe yakanyanyuka, shimoni tu. Lusenge akaitwa na wenzake. Kaburi likashuka, likapanuka, likapinda kufuata mawe. Na kwa kuwa udongo wa kaburi lazima utolewe, malori yaliubeba hadi Butembo, kiwanja cha Rughenda, ukapanda ndege.

Kwa majembe ya mashambani, maiti ilikuwa bado ndani. Magugu yakameza maharagwe, viazi vikaozea ardhini, na sokoni ikabaki chumvi. Jamani, njaa haina matanga! Aliyetaka kula alikwenda kuchimba kaburi, maana afande aliwapa wachimbaji unga. Tamar akaenda. Mji mzima ukaenda.

Maji yakamfika Kasika shingoni. Akambeba popo wake kifuani, akapanda hadi shimoni.

"Tunazika leo," akasema.

Afande akavua kofia.

"Kaburi hapana bado kuisha, mama. Tukimuzika vibaya, batu batasema nini?"

Kasika akainua macho darini. Hapakuwa na popo hata mmoja. Akainama kutazama chini. Mwisho wa shimo hakuuona, ila alisikia kikohozi cha Lusenge, kisha hakukisikia tena.

"Mutachimba mupaka wapi?"

"Mupaka majiwe iishe."

Alisema bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa njia. Kisha akamwita askari alete jembe, kwa sababu mwenye msiba naye hupaswa kusaidia. Kasika akalipokea. Alitamani liwe zito. Alilishika kwa mikono miwili akingoja likatae. Lilikuwa jepesi kama mwiko. Akamlaza popo ukingoni, akajifunga kitenge vizuri, akashuka.