Vioo Viwili vya Kinyozi

Jumatatu asubuhi kinyozi alifuta vioo vyake viwili kwa gazeti la jana, akajikuta ameshatibiwa. Kwenye kioo cha kushoto alikuwa amefanyiwa upasuaji: jicho moja halipo, kope zimeshonwa vizuri. Kwenye cha kulia alikuwa amepigwa mionzi: doa jeusi shavuni, kubwa kama kifungo cha shati, na macho yote mawili. Yeye mwenyewe, pale katikati, bado alikuwa na uvimbe wake chini ya jicho, saratani ya ngozi ambayo daktari alisema ni adimu kabisa.

"Bahati unayo," mkewe alisema. "Si ungeshinda hata pikipiki ya bahati nasibu."

Wakaving'oa vioo, wakavifunga shuka, wakavipeleka hospitali. Fomu ilimtaka achague: upasuaji au mionzi.

Daktari wa upasuaji alikisogelea kioo cha kushoto. "Mshono msafi huu. Nadhani ni wangu." Daktari wa mionzi alimwambia yule wa kioo cha kulia afumbe macho, afumbue. Akatii. Uvimbe haukuwa umerudi, huku wala kule. Wakakubaliana: kupona ni sawa, tofauti ni jicho.

"Basi nipigeni mionzi," kinyozi alisema. "Mimi nanyoa ndevu kwa wembe. Kwa jicho moja nitamchinja mtu."

Wakampeleka kwenye chumba cha mionzi. Mashine ilikuwa mpya, inang'aa, na mlangoni umepita utepe mwekundu. Ulikuwa unamsubiri mgeni rasmi aje aukate, mwaka wa tatu sasa.

Kinyozi akatoa mkasi mfukoni. "Huu hapa."

"Wewe si mgeni rasmi, mzee," daktari wa mionzi alisema.

"Tangu asubuhi hajapewa hata kiti," mkewe alisema. "Ugeni gani mwingine mnautaka?"

"Mgeni rasmi tumemwandikia barua, mama."

"Uvimbe haujui kusoma."

Alhamisi wakalitoa jicho. Kwenye fomu karani aliandika: mgonjwa amechagua mwenyewe.

Vioo vikarudi ukutani. Cha kushoto sasa kilikuwa kioo tu. Kwenye cha kulia kinyozi aliendelea kuwa na macho mawili, na wateja wenye ndevu wakawa wanapanga foleni kwenye kiti cha upande huo.

Siku ya kutolewa nyuzi, yeye na mkewe walipita tena kwenye mlango ule. Utepe ulikuwa umefuliwa, umepigwa pasi, muuguzi anaufunga upya.

"Kumbe huwa unafunguliwa?" mkewe aliuliza.

"Kwa kufua tu, mama," muuguzi alijibu, akakaza fundo.